Nyumba Nzuri, Ila Kuna Bibi

Sogeeni karibu, majirani, na wewe mpita njia utue mzigo wako kidogo. Mimi ni fundi cherehani. Nashona mashuka na mapazia ya nyumba karibu zote za wageni katika mji huu wetu wa mizabibu, kwa hiyo najua kitanda cha nani kinalaliwa na nani. Ninalotaka kuwaeleza si umbea. Umbea una raha yake, hili halina.

Mtaani kwetu kuna nyumba ya mawe yenye baraza pana na mlango wa kijani. Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane. Kila asubuhi alikaa dirishani, chumba cha chini, akinywa chai yake ya rangi na kutazama mizabibu aliyoipanda marehemu mumewe. Alimsalimia kila aliyepita, hata mbwa. Aliishi na mwanawe wa pekee, tuliyemwita Fundi Pipa kwa kazi yake ya kutengeneza mapipa ya mvinyo, pamoja na mkewe. Hawakuwa matajiri, lakini sufuria haikukosa kitu, na jioni tulisikia kicheko kutoka barazani. Nani asingetamani nyumba kama ile?

Kisha viwanda vya mvinyo vikaacha mapipa ya mbao, vikanunua matangi ya chuma. Fundi Pipa akabaki kukunja mikono. Wakati huohuo watu wa miji mikubwa walianza kumiminika huku kila msimu wa mavuno, wakitafuta nyumba za kupanga kwa likizo. Mke akasema wapangishe vyumba viwili vya juu. Wazo halikuwa baya. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli mwenyeji alianza kupona: paa lililovuja likazibwa, nami nikapewa kazi ya mapazia mapya.

Tatizo lililetwa na mgeni mmoja aliyeondoka akaandika maoni yake mtandaoni. Kati ya nyota tano alitoa tatu, na chini yake maneno haya: "Nyumba nzuri, ila kuna bibi."

Kosa la bibi lilikuwa nini? Alimkaribisha. Alimuuliza kama amelala vizuri, na kwa kuwa uzee ulishaanza kumpokonya kumbukumbu, alimuuliza tena, na tena. Basi.

Mke aliyasoma maneno hayo kwa sauti kana kwamba ni hukumu ya mahakama. "Nyota mbili zimeliwa na mama yako," akamwambia mumewe.

"Sasa nifanyeje? Nimrudishe dukani?"

"Acha mzaha. Ile stoo ya nyuma ulikokuwa ukiweka mbao, tuisafishe. Wageni wakija atakaa kule, na chumba chake tukipangishe pia; wakiondoka atarudi. Ni siku mbili tatu tu."

Fundi Pipa akakuna kichwa. Namjua tangu utoto wake: akikuna kichwa, ameshakubali.

Mara ya kwanza bibi alikwenda stoo na mto wake kwapani, anacheka, akidhani chumba chake kinapakwa rangi. Lakini akasahau, akarudi. Wageni walimkuta ameketi kitandani "kwao", anawakunjia nguo. Wakapiga kelele kama wameona jini. Tangu siku hiyo mlango wa stoo ukatiwa komeo kwa nje. Wenyewe walisema ni kwa usalama wake.

Nilimwambia mke, "Shoga, mtu hafungiwi komeo kama kuku."

"Fundi, wewe shona," akanijibu. "Ya nyumbani kwangu niachie mwenyewe."

Kwake! Nyumba ya mkwewe, tayari imekuwa kwake. Nilikasirika, na mpaka leo sijapoa.

Siku moja nilikuwa kwenye kile chumba cha chini, napima dirisha, simu ya mke ikaita. Alikuwa mwalimu mmoja wa mbali, anapanga likizo.

"Dada, samahani kwa maswali mengi," sauti ikatoka simuni. "Nataka kumleta baba yangu apumzike. Magoti yake hayawezi ngazi, na kila nyumba ninayoiona ina ngazi. Kwako kuna chumba cha chini?"

"Kipo, tena ndicho kizuri kuliko vyote. Dirisha linatazama mizabibu."

"Baba atafurahi sana. Na hapo nyumbani kuna nani mwingine?"

Pini zilikuwa mdomoni mwangu. Nikazitoa upesi, nikanong'ona, "Na mama je?" Mke akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha.

"Hakuna mtu," akasema. "Nyumba nzima ni yenu."

Mnaona mambo? Binti wa watu anahangaika kumtafutia baba yake kitanda kisicho na ngazi, na kitanda anachopewa ni kile alichoondolewa mama wa mwenzake.

Wageni wakafika. Fundi Pipa na mkewe wakahamia kwa dada wa mke, ng'ambo ya mji. Asubuhi mke alipitia lango la nyuma na uji, akamwonya mkwewe, "Mama, usipige kelele, wageni wamelala." Kisha akashusha komeo.

Jumamosi kulikuwa na maonyesho ya mvinyo kiwandani. Mume na mke wakaenda wote wawili kuwinda wageni wapya. Uji uliletwa alfajiri, na chakula cha mchana kikasahauliwa. Jua lilikuwa kali, na stoo ile ni ya mabati. Bibi alijaribu kushuka kitandani afuate maji, akaanguka, asiweze kuinuka. Akashika kikombe chake cha bati, akaanza kugonga ukuta. Ukuta ule upande wa pili ulikuwa wa chumba chake mwenyewe.

Baba wa mwalimu, dereva mstaafu wa treni, alikuwa amejilaza pale. Akamwita binti yake. "Kuna mtu anagonga."

Mwalimu akasikiliza, akampigia simu Fundi Pipa. Nyuma yake kulikuwa na muziki na vicheko. "Ah, hayo ni mabomba ya maji," akasema. "Nyumba ya zamani hiyo. Mzee asijali."

Nawaapia, sijui kama kweli alidhani ni mabomba. Yeye pia anasema hajui.

"Bomba halichoki," mzee akasema. "Huyu anagonga, anachoka, anagonga tena." Binti akamtuliza, akamletea gazeti. Alasiri kugonga kukakoma. Hapo ndipo mzee alipoinuka. Akachukua mkongojo wake, akazunguka nyuma ya nyumba, akavuta komeo.

Yowe la mwalimu lilinitoa kwenye cherehani na futi ya kupimia shingoni. Bibi alikuwa sakafuni, midomo imekauka, kikombe bado kimo mkononi. Mzee alikuwa amepiga magoti kando yake, magoti yaleyale yasiyoweza ngazi. Bibi akamtazama, akainua kidole taratibu hadi mdomoni.

"Shii," akanong'ona. "Wageni wamelala."

Nililia pale pale, na sioni haya kusema.

Fundi Pipa na mkewe walifika wakihema, gari la wagonjwa likiwa mlangoni. Mwalimu akasimama uso kwa uso na mke. "Nilikuuliza. Nilikuuliza hapa kuna nani."

"Tuliogopa mngelalamika," mke akajibu.

"Nilalamike nini? Baba yangu hana wa rika lake wa kuzungumza naye. Angempata!"

Hospitali walisema nyonga imevunjika, na mwili umekauka mno kwa umri wake. Fundi Pipa alikaa pembeni ya kitanda siku zote zile. Nilikuwapo bibi alipofumbua macho akamtambua mwanawe.

"Wageni wameshaondoka?"

"Wameondoka, mama."

"Basi naweza kurudi chumbani kwangu?"

"Rudi, mama," akasema, na kilio kikamzidi nguvu.

Hakurudi. Tulimzika wiki hiyo hiyo.

FUNZO

Ndugu zangu, sisemi wageni ni wabaya. Nami nala kwa jasho la mashuka yao. Wala sisemi mtu asitafute riziki. Nasema hivi: mgeni mmoja tu, asiye na adabu, aliandika neno moja, na watu wazima wawili wakaligeuza kuwa sheria ya nyumba yao. Hawakumuuliza mgeni mwingine hata mmoja. Aliyefuata angemkumbatia bibi.

Usimfiche mzazi wako ili upate. Mzazi akizeeka husahau mengi, lakini ukimfundisha kwamba yeye ni kero, hilo hatalisahau. Atajifunza kunyamaza hata pale anapohitaji kupiga kelele.

Nendeni nyumbani sasa. Kama kuna mzee ndani, fungueni mlango wake, mkae naye, na akiwauliza swali lile lile mara ya kumi, mjibuni kama ndiyo kwanza ameuliza.