Fainali ya Yayra na Kikapu cha Habari

Agbeko ni fundi cherehani mjini Kpando. Kibanda chake kiko karibu na soko. Kila asubuhi, kabla hajakanyaga cherehani, hutoa simu na kusoma habari kwa sauti. Husoma za mpira. Husoma za wanamuziki. Nani kafunga goli, nani kafunga ndoa. Mama muuza uji husogeza sufuria yake karibu ili asikie. Mteja huja kupunguziwa suruali, akasahau suruali.

"Bila wewe, fundi, tungekuwa gizani," mama muuza uji humwambia.

"Mimi ndiye redio ya hapa," Agbeko hujibu. "Na redio nayo hunywa uji. Niongezee sukari."

Habari zote hizo huzipata mahali pamoja, kwenye tovuti inayoitwa Kusi. Kusi, kwa Kiewe, ni kikapu. Tovuti hiyo huchukua maandishi kutoka blogu nyingi za michezo na burudani na kuyaweka pamoja. Msomaji hana haja ya kuzunguka huku na huko akitafuta.

Mkewe, Dzifa, anauza samaki wa moshi sokoni. Jioni huenda darasa la watu wazima. Sasa anajua kusoma. Husoma polepole, kidole kikifuata kila neno. Lakini akiimba hana polepole. Yeye ndiye kiongozi wa kikundi cha borborbor, ngoma ya tarumbeta na leso nyeupe. Akitoa sauti yake, hata mbuzi husimama.

Binti yao Yayra ni golikipa wa Dzigbodi, timu ya wanawake ya Kpando. Mwaka huu Dzigbodi waliingia fainali kwa mara ya kwanza. Mechi ilipangwa Jumamosi alasiri huko Hohoe, na wapinzani ni Hohoe wenyewe.

Kabla ya kwenda kambini, Yayra alimwambia mama yake, "Mama, kule uwanja mzima utakuwa wao. Watanizomea mpaka nisahau jina langu. Nataka nisikie sauti yako nyuma ya goli."

"Utaisikia mpaka masikio yakuwashe," alisema Dzifa. "Nitakuja na kikundi kizima."

Hakuwa anatania. Alitafuta basi. Alizungumza na wapiga ngoma. Wanawake wa kikundi walifua leso zao na kuzipiga pasi.

Alhamisi asubuhi Agbeko alifungua Kusi, akashtuka.

"Nani kahamisha vitu vyangu?" alisema. "Jana hapa palikuwa na rangi ya bluu. Leo kuna kengele, kuna sikio, kuna bendera. Hii ni tovuti au duka la vinyago?"

Alibonyeza hapa, akabonyeza pale. Mara akaona maneno makubwa. Akayasoma kwa sauti: "Fainali ya Wanawake Yaahirishwa kwa Sababu ya Mvua!"

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha kweli. Mama muuza uji alishika kifua. "Maskini Yayra!"

Agbeko hakusoma zaidi. Alimpigia dereva wa basi akamwambia atafute safari nyingine. Alimpigia Korsi, mkuu wa wapiga ngoma. Kisha akaandika kwenye kundi la simu la mtaa wao: "Fainali imeahirishwa. Hakuna safari." Kufika saa sita, soko zima lilikuwa linajua.

Dzifa alirudi nyumbani. "Una hakika, Baba Yayra?"

"Nimesoma kwa macho yangu."

"Basi tumpigie mtoto, tumpe pole."

"Utampigiaje? Kocha amechukua simu zao mpaka kesho jioni."

Dzifa akazikunja leso zake na kuzirudisha sandukuni.

Ijumaa jioni walikuwa wanakula akple, ugali wa mahindi, na mchuzi wa bamia. Simu ikalia. Alikuwa Yayra.

"Mama! Kocha ametupa dakika chache tu. Mtafika saa ngapi kesho? Njooni mapema, nyuma ya goli pasije pakajaa."

Dzifa alimtazama mumewe. Agbeko alikuwa na tonge mkononi. Tonge halikwenda mdomoni.

"Mwanangu," alisema Dzifa, "si mechi imeahirishwa?"

"Nani kasema? Leo tumefanyia mazoezi uwanja ule ule. Nyasi zimekauka kabisa. Mama, mnakuja au hamji?"

Dzifa alivuta pumzi. "Tunakuja," alisema. Simu ikakatika.

"Tunakuja na nini?" aliuliza Agbeko. "Basi limekodiwa kwenda Akosombo. Korsi na ngoma zake wako msibani Golokwati."

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye niliyepiga simu mji mzima?"

"Kusi imenidanganya! Naifuta leo hii!"

Alisema kwa sauti kubwa. Jirani yao Enyonam akachungulia juu ya ukuta. Enyonam ni mwalimu wa shule ya msingi. Pia ana blogu yake, anaandika habari za mpira wa wanawake. Siku mbili hizo alikuwa mjini Ho kwenye semina, na ndiyo kwanza alikuwa anashusha begi.

"Shemeji, unamfokea nani?"

"Hii Kusi yenu! Imesema fainali imeahirishwa."

"Haiwezekani. Mimi nimeandika asubuhi ya leo kwamba ipo. Hebu ngoja."

Alizunguka akaingia. Dzifa akamvutia kigoda. Enyonam alifungua Kusi kwenye simu ya Dzifa, akaitazama, kisha akacheka mpaka akajifuta macho.

"Shemeji, Kusi wameongeza mambo mapya wiki hii. Juu hapa kuna milango mitatu. Huu wa kwanza ni Mpya. Wa pili ni Zinazosomwa Sana. Wa tatu ni Zangu. Wewe uliingia wa pili."

"Sasa kuna kosa gani? Inayosomwa sana si ndiyo ya kweli?"

"Hapana. Inayosomwa sana ni inayosomwa sana, basi. Watu wengi wiki hii wanatafuta neno fainali. Wakikuta habari ya zamani wanaifungua. Ikifunguliwa sana, inapanda juu." Akamgeukia Dzifa. "Mama Yayra, nisomee mstari huu mdogo ulio chini ya kichwa cha habari."

Dzifa alifuta mkono kwa kanga yake. Akaweka kidole kwenye kioo. Akasoma neno kwa neno: "Blogu ya… Mpira wa Volta. Imeandikwa… Juni… mwaka jana." Akainua kichwa. "Mwaka jana!"

"Mwaka jana," alisema Enyonam.

"Mstari wenyewe mdogo kama sisimizi," Agbeko alinung'unika.

"Mdogo, lakini upo, shemeji. Kichwa cha habari ni paji la uso tu. Wewe uliona paji la uso, ukadhani umemjua mtu."

Dzifa alicheka. Agbeko naye alitaka kukasirika, akashindwa.

"Sasa nieleze vizuri," alisema. "Habari hizi anaziandika nani?"

"Kusi haiandiki kitu. Ni kikapu tu. Mimi naweka nyanya zangu, mwingine anaweka bilinganya zake. Ukinunua nyanya sokoni, unamuuliza muuzaji zimechumwa lini na shamba gani, au siyo?"

"Na unazibonyeza kidogo," alisema Dzifa.

"Umeona! Na hapa ni hivyo hivyo. Uliza kwanza: nani kaandika? Lini? Kisha bonyeza hapa penye neno Chanzo. Inakufungulia blogu yenyewe, unasoma habari yote. Halafu tazama kama blogu nyingine inasema vilevile. Ukiona habari imekosewa, au ni ya kale na inapotosha watu, bonyeza hii bendera. Wenye tovuti wataikagua."

Agbeko alibonyeza bendera kwa nguvu, kama anayeua mbu.

"Taratibu, usinivunjie kioo," alisema Dzifa. "Na kengele hii?"

"Kengele ni ya timu yako. Chagua Dzigbodi. Habari mpya ya Dzigbodi ikiingia, simu inalia. Itakaa mlango wa Zangu." Dzifa alichagua mwenyewe. "Na sikio hili ni kwa siku macho yamechoka. Ukilibonyeza, linakusomea."

"Sitaki linisomee," alisema Dzifa. "Nimeteseka kujifunza. Nitasoma mwenyewe."

Enyonam alifungua blogu yake. "Haya, tuwaite watu. Lakini kwanza, shemeji, rekebisha ulichokiandika kwenye kundi la mtaa."

Agbeko alijikuna shingo. "Si niseme tu kwamba walikuwa wameahirisha, halafu wamebadili mawazo?"

"Uongo wa pili haufuti kosa la kwanza. Unaliongezea mwenzake."

Agbeko akaandika: "Ndugu zangu, nilikosea. Nilisoma habari ya mwaka jana. Fainali ni kesho, Hohoe, saa tisa alasiri. Nisameheni." Akafumba macho akaituma.

Majibu yalianza kuingia. "Redio imeharibika!" aliandika mmoja. "Fundi, na suruali yangu umeipima mwaka jana?" aliandika mwingine. Agbeko alisoma yote, akacheka nao.

Enyonam naye aliandika kwenye blogu yake kwamba mashabiki wa Dzigbodi wanatafuta gari na ngoma. Haikupita muda, Kusi ikaichukua. Simu ya Dzifa ikalia kengele. Simu za mashabiki wengine pia zikalia, moja hapa, nyingine kule. Chini ya habari ile Kusi walikuwa wameongeza nafasi ya wasomaji kuandika maoni. Mwenyekiti wa kwaya ya kanisa alikuwa wa kwanza: "Basi la kwaya lipo. Lakini njiani tutaimba nyimbo zetu kwanza."

Kisha akaandika Korsi: "Tunazika saa nne asubuhi hapa Golokwati. Tukimaliza tutasimama barabarani. Msitupite."

"Golokwati si iko njiani?" aliuliza Dzifa, tayari anafungua sanduku la leso.

Jumamosi basi la kwaya liliondoka Kpando limejaa. Waliimba za kanisa mpaka Golokwati. Hapo wakawakuta Korsi na wenzake kando ya barabara, wamevaa nguo zao nyekundu na nyeusi za msiba, ngoma kubwa iko katikati kama mtu anayesubiri usafiri. Hawakupata nafasi ya kubadili nguo. Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka zamu ya kwaya.

Walipoingia uwanjani, mashabiki wa Hohoe waliwaona na nguo zile.

"Nyinyi!" mmoja aliita. "Mmekuja kuzika nani?"

"Jeneza tumeliacha mlangoni," Korsi alijibu. "Tunasubiri mtuambie mnapenda rangi gani!"

Uwanja ukacheka, Hohoe na Kpando pamoja.

Yayra alikuwa golini. Alikuwa ametazama barabara mpaka macho yamemuuma. Mara akasikia tarumbeta. Kisha akaisikia sauti moja, juu ya sauti zote, nyuma ya goli lake: "Mlango umefungwa!" Na kikundi kikaitikia: "Ufunguo anao Yayra!"

Hakugeuka. Alipiga makofi ya glavu mara moja, akainama tayari.

Hohoe walicheza vizuri. Walishambulia kama nyuki. Lakini kipindi cha pili winga wa Dzigbodi alipata mpira, akakimbia nao peke yake, akafunga. Leso nyeupe zikapaa. Agbeko alimkumbatia mwenyekiti wa kwaya, mtu ambaye hawakuwa wakisalimiana vizuri tangu Krismasi kwa sababu ya suti iliyobana.

Dakika za mwisho zilikuwa ndefu. Hohoe walipata kona, wakapata nyingine. Mpira ukaja juu, watu wakaruka wote pamoja. Dzifa aliacha kuimba. Ndipo ngumi mbili za glavu zikatoka katikati ya vichwa na kuutupa mpira mbali. Mwamuzi akapuliza filimbi ya mwisho.

Yayra alikimbilia nyuma ya goli akamrukia mama yake. "Nilikusikia!" alisema. "Tangu barabarani nilikusikia!"

"Masikio yanawasha?"

"Yanawaka moto!"

Wakacheza borborbor pale pale, wachezaji, kwaya na waliotoka msibani. Hata watoto wa Hohoe waliomba leso.

Siku hizi Agbeko bado anasoma habari kibandani. Lakini huanza na jina la blogu, kisha tarehe, ndipo kichwa cha habari. Akisahau, mama muuza uji humkatiza: "Ya lini hiyo?" Wateja nao wameweka kengele za timu zao. Wiki iliyopita ulienea uvumi kwamba mwimbaji mmoja wanayempenda amefariki. Hakuna aliyelia. Walifungua chanzo kwanza, wakakuta mwimbaji amepoteza sauti kwa mafua. Wale wenye tovuti pia walimjibu Agbeko. Sasa kila habari ya zamani ina neno Zamani kwa rangi nyekundu, kubwa kiasi kwamba hata fundi mwenye haraka analiona.

Jumapili iliyofuata fainali, Enyonam alikuwa ameandika habari ya mechi. Dzifa aliisoma yote, mpaka nukta ya mwisho. Kisha akabonyeza mahali pa maoni.

"Niambie, nikuandikie," alisema Agbeko.

"Kaa mbali," alisema Dzifa.

Alitafuta herufi moja moja. Chai ilipoa. Mwishowe akaandika: "Huyo golikipa ni mwanangu. Mimi ndiye mama yake." Akalitazama jina lake likitokea juu ya maneno hayo, akalitazama tena.

Jioni simu ikalia. Kulikuwa na jibu kutoka kwa mtu asiyemjua: "Na mimi ni mama wa golikipa wa Hohoe. Wangu amelia usiku kucha. Lakini ngoma yenu ni tamu, mama. Hata mimi nilicheza, kwa siri."

Dzifa alicheka mpaka Yayra akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Kisha akashika simu kwa mikono miwili na kuanza kuandika jibu: "Dada, mlete mwanao Kpando. Tutapika. Safari hii utacheza hadharani."