Upande Mmoja wa Doti

Jumatano ile Somoe alikuwa kwenye foleni ya uji, kikombe mkononi. Alhamisi hakuja shule. Ijumaa hakuja. Aliyemkimbiza hakuwa mwalimu. Alikuwa Marijani, fundi cherehani wa Tandika, ambaye hata hakumjua mtoto huyo kwa sura.

Kisa kilikuwa kanga.

Marijani na Mwalimu Zubeda walikutana sokoni mwaka mmoja nyuma, katikati ya makelele ya wauza mitumba. Zubeda, kavaa dera la zambarau na miwani imemshuka puani, alitua mfuko wa salfeti mbele ya cherehani.

"Fundi, humu mna kaptula kumi na nne na sketi sita. Zote zimechanika."

"Una watoto wengi, sista."

"Mia nane na kitu. Hawa ndio waliochanika leo."

Alikuwa mwalimu wa malezi katika shule moja ya msingi huko Yombo, yule anayejua nani hajala, nani kafiwa, nani analala kwa jirani. Marijani alishona zote, akakataa malipo, na tangu hapo moyo wake ukawa na kazi mbili: kumpenda Zubeda na kumlinda kama duka.

Maana alikuwa na wivu, Marijani. Akimwona Zubeda anacheka na muuza mkaa, sindano inakatika. Posa ilipokubaliwa alimnunulia doti ya kanga za manjano zilizoandikwa NILICHOPEWA SIGAWI, akazikata na kuzipinda mwenyewe. Uzi wa manjano ulimwishia katikati ya pindo, akamalizia na wa kijani.

"Umeniandikia amri," Zubeda alimtania.

"Nimekuandikia moyo wangu, laazizi."

Juma lile simu ya Zubeda haikutulia. Jumatatu jioni, wakinywa chai, kioo kikaonyesha jina: Baba Somoe.

"Nani huyo?"

"Mzazi."

"Mzazi gani anapiga mara tatu?"

"Mwenye shida tatu. Kunywa chai yako."

Akatoka uani kupokea. Marijani alitega sikio. "Usiwe na wasiwasi," Zubeda alikuwa anasema kwa sauti ya kubembeleza. "Kesho nitakuja tena." Hilo neno "tena" lilimkaa Marijani kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake alipeleka mapazia kwa mteja wa Yombo. Nyuma ya nyumba moja akaona kamba ya nguo. Shati la kiume la bluu, na ubavuni mwake, imegusana nalo, kanga ya manjano. Alishika pindo. Uzi wa manjano, kisha wa kijani.

"Hapa kwa nani?" alimuuliza mama aliyekuwa anachambua mchicha jirani.

"Kwa Twalib, fundi friji. Baba Somoe. Maskini, kafiwa na mkewe mwaka jana."

Marijani hakuona umaskini wowote. Aliianua kanga, akaondoka nayo.

Jumatano, mapumziko ya saa nne, alisimama ndani ya geti la shule.

"Mwalimu, hii umeisahau kwa Baba Somoe."

Aliinyanyua juu, kila mtu aione. Zubeda aliitazama kanga, kisha akageuka haraka kuangalia foleni ya uji.

"Ikunje," alisema chini chini. "Nakuomba, ikunje."

"Niambie kwanza ilifikaje kwa yule bwana."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siri yenyewe si yangu, Marijani."

Kwenye foleni msichana mmoja alimgusa mwenzake. "Si ndiyo kanga aliyofungwa Somoe juzi, alipochafuka sketi?" Kicheko kikapita kutoka mtoto hadi mtoto. Kikombe kilianguka, na msichana mwembamba akatoka mbio, akampita Marijani getini. Yeye, kazibwa masikio na hasira, hakusikia wala hakuelewa.

"Nenda," Zubeda alimwambia. "Na mtoto yule asiporudi shule, wewe nawe usirudi kwangu."

Siku tisa simu zake hazikupokelewa. Siku ya kumi alikwenda kwa Twalib, ngumi zikiwa mfukoni. Akamkuta kachuchumaa nyuma ya friji bovu.

"Wewe ndiye uliyeanua kanga?" Twalib aliuliza bila kuinuka.

"Ndiye mie. Yule ni mchumba wangu."

"Hongera. Mchumba wako ni somo wa mwanangu."

Ngumi zikalegea. Mtoto wa Pwani haelezwi neno hilo mara mbili. Somo ni mwanamke anayemfunza msichana siku anapovunja ungo, na wanayozungumza hayafiki kwa wanaume.

"Mama yake hayupo," Twalib aliendelea. "Mie baba, ningemwambia nini? Nimempigia mwalimu mpaka nikaona haya. Sasa mtoto hatoki chumbani. Anasema wanamcheka."

Marijani alisogea karibu na pazia la chumba.

"Mwanangu, mie ndiye yule fundi. Nimekosa."

Ikaja sauti nyembamba: "Shikamoo."

"Marahaba."

"Usiniambie mie. Kawaambie wanaocheka."

"Niwaambie nini?"

"Si wewe mtu mzima?"

Jumatatu, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, Marijani alisimama mstarini, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho. Zubeda alikuwa barazani, daftari la mahudhurio kifuani.

"Watoto, ile kanga niliyokuja nayo niliianua kwenye kamba ya watu. Sikuomba. Nilikuwa na wivu. Anayechukua cha watu anaitwaje?"

"Mwiziii," wakaitikia mia nane kwa pamoja.

"Haya. Mkitaka mtu wa kumcheka, yuko hapa."

Walimcheka mpaka kengele ikalia. Zubeda alifunika mdomo kwa daftari.

Mchana simu ikaita.

"Halo, mwizi."

"Naam, laazizi."

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Somoe anakuja kesho. Kanga yake umeirudisha?"

"Yake? Si nili..." Akameza. "Nimeirudisha. Nimeifua na kuipiga pasi."

"Basi njoo unywe chai."

Walioana Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Somoe yuko darasa la saba. Upande mmoja wa doti uko kwake, mwingine kwa Zubeda. Baba Somoe akipiga simu, Marijani humpelekea mkewe simu mkononi, kisha yeye hutoka uani.