Tusekile na Kioo cha Helmeti

Sogeeni karibu, mbanane kidogo mpate joto. Hadithi hii inatoka mahali penye baridi.

Tusekile anaishi Makete, juu milimani. Mwezi wa sita ukifika, umande huganda juu ya nyasi. Ukipumua, moshi mweupe hutoka mdomoni. Haaa.

Tusekile anaishi na Mama na Bibi. Wana kuku. Wana pia ng'ombe mmoja, jina lake Madoa.

Mama ana pikipiki nyekundu. Kila asubuhi hupeleka maziwa kijiji cha pili. Shule ya Tusekile iko njiani.

Mama huvaa helmeti kubwa yenye kioo mbele. Tusekile huvaa helmeti ndogo, hukaa nyuma, hushika kiuno cha Mama. Tu-tu-tu-tu, pikipiki inaondoka.

Asubuhi moja, baridi ilikuwa kali sana. Bibi akamfunga Mama skafu nene ya sufu, shingoni mpaka juu ya pua.

"Sasa umefungwa kama hindi bichi," Bibi akasema.

Tu-tu-tu-tu. Wakaondoka.

Mama akapumua ndani ya helmeti.
Haaa. Kioo kikaingia ukungu.
Futa, futa.
Haaa. Ukungu tena.

Mama akakifungua kioo. Upepo ukamchoma macho. Machozi yakatiririka. Akakifunga tena.

Haaa. Ukungu tena.

Wakafika kwenye kona. Mama hakuiona kona. Pikipiki ikaenda moja kwa moja mpaka ndani ya shamba la viazi. Pwaa.

Hakuna aliyeumia. Lakini maziwa yalimwagika yote kwenye matuta, na Tusekile alikuwa na udongo mpaka puani.

Mama akamshika mikono. Akamshika miguu. Akamtazama usoni.

Jioni, wakiota moto, Mama akasema, "Tuse, kesho huendi shule. Utabaki na Bibi mpaka baridi iishe."

"Itaisha lini?"

"Mwezi wa tisa."

Tusekile akahesabu miezi kwa vidole. Mwezi wa tisa uko mbali. Wenzake watakuwa wamejifunza kusoma, na yeye atakuwa anafukuza kuku jikoni.

"Naweza kwenda kwa miguu," akasema.

"Utafika wenzako wanarudi," Mama akamjibu.

Tusekile akafikiri. Akajishika mashavu. Mashavu yake yalikuwa laini, kwa sababu kila asubuhi Bibi humpaka mafuta mazito. Bila mafuta, baridi ya Makete hupasua mashavu ya watoto.

"Mafuta yanazuia baridi," Tusekile akawaza. "Na kioo kinaonewa na baridi."

Akachukua kopo la mafuta. Paka, paka, paka. Akakipaka kioo chote, nje na ndani. Kikang'aa kama sufuria mpya.

Asubuhi Mama akavaa helmeti. Akakishusha kioo. Akasimama tu.

Akamwita Bibi, "Mama, umekwenda wapi? Sikuoni."

"Niko mbele yako hapa."

Mama akakigusa kioo. Vidole vikateleza. "Nani amepaka mafuta kioo changu?"

Madoa akasema mooo. Kuku hawakusema kitu.

"Ni mimi," Tusekile akasema.

"Kwa nini, Tuse?"

"Nikipaka mafuta, mashavu yangu hayapasuki. Nilitaka na kioo kisisikie baridi. Nilitaka kwenda shule."

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. "Mke mwenzangu huyu ana akili," akasema. "Amekosea kopo tu."

Mama hakucheka. "Nenda ukakioshe. Upesi, maziwa yananisubiri."

Tusekile akachukua ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Sugua, sugua, sugua. Mafuta yakatoka. Kioo kikajaa povu.

Akausuuza upande wa kulia kwa maji. Lo, maji yalikuwa baridi. Vidole vikamuuma.

Upande wa kushoto hakuusuuza. Aliufuta tu kwa kitambaa kikavu. Futa, futa, mpaka povu likaisha.

Mama akavaa helmeti. Akapumua.

Haaa.

Akageuza kichwa huku. Akageuza kichwa kule.

"Hii ni ajabu," akasema. "Upande huu naona uji mtupu. Upande huu namwona Bibi yako mpaka meno."

"Yaangalie vizuri," Bibi akasema. "Yamebaki machache."

Tusekile akasogea karibu. Akautazama upande wenye ukungu. Akautazama upande usio na ukungu. Kisha akasema polepole, "Upande huo unaoona, sikuusuuza. Niliufuta tu. Labda sabuni kidogo imebaki."

Mama akaivua helmeti. Akaiweka mbele ya Tusekile. "Hebu pumua."

Tusekile akapumua upande wa maji. Haaa. Ukungu.

Akapumua upande wa sabuni. Haaa. Hakuna ukungu.

Akapumua tena. Haaa. Hakuna ukungu.

"Kumbe," Mama akasema.

Tusekile akachukua sabuni. Akapaka kidogo sana, kwa ndani. Kisha akachukua kitambaa kikavu. Futa, futa, futa, mpaka kioo chote kikawa safi.

Bibi naye akaishusha skafu ya Mama chini ya kidevu. "Skafu yangu ilikuwa inapeleka pumzi juu," akasema. "Ikae shingoni."

Mama akavaa helmeti. Akakaa juu ya pikipiki, bila kuiwasha. Akapumua.
Haaa. Hakuna ukungu.
Akasubiri. Akapumua tena.
Haaa. Hakuna ukungu.

Mama akatazama mlangoni. Tusekile alikuwa amesimama pale na sweta lake la shule. Alilivaa tangu alfajiri, bila kuambiwa na mtu.

Mama akamtazama. Akaitazama barabara. Akamtazama tena.

"Tuse," akasema, "mbona huna helmeti?"

Tusekile akakimbia ndani. Akatoka na helmeti kichwani na mfuko wake mgongoni. Bibi akamfunga kamba ya helmeti kidevuni.

Tu-tu-tu-tu. Wakaondoka.

Mama akaendesha polepole. Haaa. Aliona mawe. Haaa. Aliona matope. Haaa. Aliiona kona, akaifuata.

Baada ya kona, ndama alikuwa amesimama katikati ya njia. Mama alimwona mapema. Akabana breki taratibu, pikipiki ikasimama.

Pi-pi.

Ndama akawatazama. Akatafuna kidogo. Kisha akaondoka zake, bila haraka.

Walipofika shuleni, watoto walikuwa bado wanafagia uwanja. Fyu, fyu, fyu. Mwalimu akamwona Tusekile. "Umefika," akasema. "Chukua ufagio."

Tusekile akachukua ufagio. Akafagia upesi kuliko wote, akaingia darasani.

Jioni, maziwa yalikuwa yameuzwa yote. Walikula viazi vya moto na maharage. Kisha Mama akamlaza Tusekile, akamfunika blanketi zito.

"Mama, kesho nitakwenda tena?"

"Utakwenda."

"Na kesho kutwa?"

"Na kesho kutwa."

"Na mwezi wa saba?"

"Na mwezi wa saba. Lala sasa."

Tusekile akavuta blanketi mpaka masikioni. Akalala.