Sare na Zambia

"Amesaini," Mageni alisema, akanyanyuka kwenye benchi na simu mkononi. "Mela, jamaa amesaini. Nilikwambia ukabisha."

Melania alikuwa ameinamia cherehani yake, anamalizia gauni la mteja. Hakuinua kichwa.

"Nani?"

"Abdulshakur. Shaku. Yule mshambuliaji niliyekuwa nakusimulia kila siku. Radi wamempa miaka miwili. Ona hii picha, ameshika jezi."

"Nilifikiri unaniambia padri amekubali tarehe yetu."

Mageni aliketi tena.

"Hilo nalo tuliongee. Januari haiwezekani, kuna AFCON. Taifa Stars wakifuzu, na watafuzu, nani atakuja kwenye harusi? Tuseme baada ya Pasaka."

"Ng'ombe wa mahari wameshafika kwa baba. Kila akipiga simu ananiuliza. Nimwambie tunasubiri mpira?"

"Mwambie baada ya Pasaka," Mageni alijibu, macho yameshahamia kwenye ile picha.

Hapo ni Masumbwe, nje ya chumba cha cherehani cha Melania. Mageni alikuwa anasimamia karasha, ule mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, na jioni vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi zake alikuwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa Radi, timu ya Geita mjini iliyokuwa inapigania kupanda Ligi Kuu. Hakuwa mtu mbaya. Melania alipougua taifodi, ni yeye aliyelala sakafuni wodini mpaka akapona. Lakini usajili ukianza, Mageni hasikii la mtu. Anajua nani anatoka wapi, nani mkataba unaisha, nani goti linamsumbua. Siku ya kuzaliwa ya Melania aliikumbuka mara moja tu, kwa sababu ilikutana na fainali.

Wiki chache baadaye alimleta Shaku nyumbani kwake, kwa niaba ya tawi. Melania alipika wali na kuku wa kienyeji. Mageni aliongea mfululizo. Alimhesabia mgeni magoli yake yote, hata yale ambayo mwenyewe alikuwa ameyasahau. Shaku alikula taratibu, anaitikia kwa kichwa. Mageni alipotoka kupokea simu, mgeni alimgeukia Melania.

"Na wewe shemeji, mpira unaupenda?"

"Siupendi. Nausikia tu masikioni kila siku."

"Basi tuko wawili. Mimi kwangu ni kazi. Filimbi ikilia mwisho, sitaki hata kuuzungumzia."

Melania alicheka. Alikuwa hajacheka kwenye nyumba ile siku nyingi.

Aliyewakutanisha tena alikuwa Mageni mwenyewe. Melania alikuwa akienda Geita kununua vitambaa, na kila safari mchumba wake alimpa mzigo. Leo sato wa kukaanga, kesho jezi ya kusainiwa.

"Mpelekee Shaku," alikuwa akisema. "Pale alipo hana ndugu. Mchezaji akila vizuri, anafunga."

Jioni moja akiwa amesharudi Masumbwe, simu ya Melania ililia, ujumbe wa Shaku umeingia.

"Umefika salama?"

"Nimefika shemeji, asante."

"Usiniite shemeji. Niite jina langu."

Alikaa na simu ile mapajani kwa muda mrefu. Kisha akaandika, "Nimefika, Shaku."

Mwezi wa kumi na moja Radi walicheza nyumbani. Mageni alikuwa jukwaani na bendera, Melania pembeni yake. Shaku alifunga kwa kichwa, akakimbia mpaka chini ya jukwaa lao, akanyoosha kidole juu, akagusa kifua.

"Umeona?" Mageni alimshika Melania bega, machozi yanamlenga. "Ameninyooshea mimi. Kati ya watu wote hawa, mimi."

"Nimeona," Melania alisema.

Krismasi ilipokaribia Melania hakuweza tena kuficha. Alimwita Mageni pale kwenye cherehani, akavua pete, akaiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Nimepata mtu mwingine, Mageni. Sitaki uambiwe na watu."

Mageni alitabasamu, kama mtu anayesubiri kuambiwa ni utani.

"Mtu gani?"

"Shaku."

"Shaku yupi?"

Melania alimsogezea ile pete. Tabasamu likatoweka polepole. Mageni aliitazama pete, akamtazama yeye, kisha akauliza kitu ambacho Melania hakukitarajia.

"Siku ile ya lile goli la kichwa. Alimnyooshea nani kidole?"

"Mimi."

Mageni alitikisa kichwa, akachukua pete, akatoka. Hakutukana. Kesho yake aliachia uenyekiti wa tawi, na Masumbwe nzima ikajua sababu.

Melania alimpigia baba yake, mzee Marcel, Ushirombo. Alimwambia atabadili dini, kwa kuwa Shaku ni Mwislamu na ameahidi ndoa. Mzee akasema, "Umeshakuwa mtu mzima," akakata simu. Kwa wiki kadhaa hakumpigia tena.

Katikati ya Januari, mchana, simu ya Melania iliita. Mageni.

"Habari za siku, Mela."

"Nzuri. Na wewe?"

"Mzima. Nimepiga kukupongeza. Mnahama lini?"

"Tunahamia wapi?"

"Ndola. Zambia." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomtisha Melania. "Usiniambie hujui. Radi wamemuuza Shaku tangu juzi. Wameweka kwenye ukurasa wao, yupo na jezi mpya. Nikasema lazima Mela atakuwa ameshafunga mizigo."

Melania aliketi kwenye kiti cha cherehani.

"Haya, safari njema," Mageni alisema. "Huko kuna baridi, beba sweta."

Alimpigia Shaku. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena na tena. Jioni ikapokelewa.

"Shaku, uko wapi?"

"Ndola. Nilitaka nikuambie nikishatulia."

"Ukishatulia? Nimeacha mchumba. Nimemwambia baba yangu nabadili dini. Hata salamu hanipi."

"Mimi ni mchezaji, Mela. Leo hapa, kesho kule. Hata Mageni analijua hilo."

"Tuma nauli nikufuate."

Upande wa pili palikuwa na kelele za watu na sauti ya mwanamke inacheka.

"Sikiliza," Shaku alisema. "Nikuambie ukweli usije ukakaa unasubiri. Wewe ulikuwa na mtu aliyekupenda, tena aliyenipokea kama ndugu, ukamwacha kwa meseji tu. Sasa mimi nikikuoa nitalala usingizi?"

"Meseji ulizituma wewe."

"Na ulizijibu wewe."

Akakata. Alipojaribu tena, namba haikupatikana.

Aliyemshauri aende kwa Mageni hakuwepo. Alijishauri mwenyewe. Alijua anachokwenda kukutana nacho, na aliona anakistahili. Jumapili Stars walikuwa wanacheza na Zambia. Mechi ya kwanza Morocco walikuwa wamewatandika tatu, kwa hiyo hii ndiyo iliyobeba matumaini. Kila mwanaume wa Masumbwe alikuwa kwenye banda la Ndaki, kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao na televisheni moja kubwa.

Melania aliingia wakati wa mapumziko. Stars walikuwa wanaongoza bao moja, na Zambia walikuwa wamepewa kadi nyekundu. Banda zima lilikuwa linanguruma kwa furaha. Walipomwona, kelele zikapungua, kisha vicheko vikaanza.

"Ng'wana Marcel," mmoja alisema, "umekuja kushangilia Zambia? Si ndiko alikohamia shemeji yetu?"

Mageni alikuwa benchi la mbele. Hakucheka.

"Unataka nini, Mela?"

"Tuongee nje."

"Ongea hapa. Ulivyoondoka mji mzima ulijua. Hata ukirudi utajua."

Melania alipiga magoti kwenye vumbi, mbele ya wanaume wote.

"Nilikukosea. Sina cha kujitetea. Naomba unisamehe."

Ndaki, mwenye banda, alisogea kutoka mlangoni.

"Mageni, ndugu yangu, mnyanyue mwenzio. Haya mambo ya ndani."

Mageni alimtazama mwanamke aliyepiga magoti. Moyoni, na hili alikuja kulisema baadaye, alikuwa ameshamsamehe tangu alipomwona mlangoni. Alikuwa amekonda. Lakini macho ya watu yalikuwa mgongoni kwake, na wiki zote zile kwenye karasha vijana walikuwa wakimwita shemeji wa Shaku. Alitafuta njia ya kumrudisha ambayo hakuna atakayemcheka, na njia aliiona kwenye televisheni. Zambia wako pungufu. Mpira umeshakwisha ule.

"Haya," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kaa pale utazame. Stars wakishinda, nakuoa, na nyote hapa ni mashahidi. Wasiposhinda, toka uende zako, na usinijie tena."

Banda likalipuka. Watu walipiga mabenchi, wengine wakimpigia Mageni makofi. Melania alinyanyuka na vumbi kwenye magoti, akakaa mwisho wa benchi la mbele.

Hakuna siku aliyowahi kutazama mpira vile. Hakujua hata nani anacheza nafasi gani. Kila Zambia waliposogea alishika sketi yake kwa mikono miwili. Kila Stars walipotoa mpira nje, alishusha pumzi. Wanaume waligundua, wakaanza kumcheka.

"Muoneni, leo shabiki."

"Dada, omba wasipate kona."

Dakika zilizidi kwenda. Mageni alianza kutabasamu. Mara moja alimtupia jicho, na Melania akaona kwenye lile jicho kwamba ameshasamehewa, imebaki filimbi tu. Akaachia sketi.

Karibu na dakika ya tisini Zambia walipata kona. Mpira ukaja juu, mtu akaruka peke yake, akaupiga kichwa. Wavu ukatikisika.

Banda lilinyamaza kabisa. Kisha mmoja, nyuma kabisa, akacheka. Wa pili akafuata. Muda si mrefu waliosahau kusikitikia goli la dakika za mwisho walikuwa wamegeuka kumtazama Melania.

"Sare, dada."

"Mechi bado ina dakika," Ndaki alisema, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Melania alimtazama Mageni. Mageni alimtazama Ndaki, akawatazama vijana wa karasha waliosimama wanasubiri, akatazama chini. Filimbi ya mwisho ilipolia alikuwa bado anatazama chini.

Melania alinyanyuka. Alijikung'uta vumbi la magoti, akapita katikati ya mabenchi. Mmoja alimfungulia mlango, akainama kwa dhihaka kama anayemsindikiza malkia.

Mageni hakulala. Asubuhi alikwenda kwenye chumba cha cherehani, akakikuta na kufuli. Jirani alimwambia Melania ameondoka na basi la kwanza, na cherehani amepakia. Mageni aliacha karasha linajiendea, akachukua bodaboda mpaka Ushirombo.

Mzee Marcel alikuwa amekaa uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Melania alitoka ndani, akakaa kwenye kiti kingine, mbali kidogo. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mela, nimekuja kukuchukua," Mageni alisema. "Jana nilikuwa najua tunashinda. Walikuwa pungufu. Nilitaka kukurudisha bila watu kunicheka."

"Najua."

"Kama unajua, basi twende. Yale yalikuwa maneno ya mpira."

"Nilikuja pale nikijua utanitukana," Melania alisema. "Nilijiandaa. Ungenitukana mpaka ukachoka, ningebaki nimepiga magoti. Ungenifukuza, ningesema ni haki yake. Wewe hukufanya hata kimoja. Ulichukua maisha yangu ukayaweka kwenye miguu ya watu nisiowajua hata majina, wenzako wapate kucheka."

"Nisamehe."

"Goli lilipoingia nilikutazama. Nilisubiri neno moja tu. Ungesema kaa, ningekaa mpaka nife. Wewe ulianza kuwatazama wale vijana."

Mageni alisogeza kiti chake karibu.

"Shaku alinidanganya," Melania aliendelea kwa sauti ileile. "Lakini alinidanganya tukiwa wawili. Wewe ulikuwa unanipenda, ninajua hata sasa unanipenda, na ukaniuza mbele ya watu kwa sababu uliogopa kuchekwa. Nikikaa na wewe, siku nyingine watakucheka kwa jambo jingine. Utanifanya nini siku hiyo?"

"Sitarudia."

"Mimi pia nilikuwa nasema hivyo kila nikitoka Geita."

Mageni alimgeukia mzee.

"Baba, nisemee."

Mzee Marcel alijisafisha koo. Alikuwa mzee wa kanisa, na aliongea kama anavyoongea kanisani, bila haraka.

"Mwanangu alikukosea, na mimi nilimnyima salamu kwa ajili yako. Asubuhi hii amenieleza yote, na ya huko bandani pia. Mahari yako siwezi kukaa nayo." Alielekeza mkono kwenye zizi la miiba nyuma ya nyumba. "Ng'ombe wako wale, na mmoja amezaa. Ndama naye ni wako."

"Sikuja kwa ajili ya ng'ombe, baba."

"Najua. Lakini ndicho kilichobaki chako hapa."

Melania alinyanyuka, akaingia ndani. Muda mfupi baadaye sauti ya cherehani ikasikika kutoka chumba cha pembeni, ikaanza polepole, kisha ikashika kasi. Mageni aliisikiliza. Alisubiri inyamaze, na haikunyamaza.

Mzee Marcel alikwenda zizini, akaondoa miiba mlangoni, tawi moja baada ya jingine. Ng'ombe walianza kutoka wenyewe.

"Utawaswaga mwenyewe," aliuliza, "au utaita vijana wa karasha wakusaidie?"

Mageni alifikiria vijana wale, na watakavyomtazama akiwapigia simu.

"Nitawaswaga mwenyewe, baba," alisema, akaokota fimbo.