Kumbatio la Chatu

Leteni masikio, watoto. Yote mawili. Hadithi hii ina kelele kidogo, halafu ina aibu, halafu ina usingizi.

Nelima aliishi Webuye na babu yake. Kila jioni walikunywa uji, na kila jioni Babu alisimulia mieleka ya zamani.

"Mtaa mzima ulikuwa na televisheni moja," alisema Babu. "Ilikaa ukumbini, ndani ya kabati lenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao Bwana Mkubwa wa Ukumbi."

"Kazi yake ilikuwa nini?"

"Kusoma masharti. Msipige mbinja. Msipande juu ya viti. Kisha mieleka ilianza, na wa kwanza kupanda juu ya kiti alikuwa yeye."

Babu alimpenda Ngurumo kuliko wanamieleka wote. Ngurumo alivaa joho la buluu. Akiingia ulingoni, ukumbi mzima uliimba:

*Ngurumo, Ngurumo, ardhi yatikisika.*
*Nani atasimama? Wote wataanguka.*

Kisha Ngurumo alimkamata mtu kwa Kumbatio la Chatu. Mikono inazunguka. Mikono inabana.

"Na refa, Babu?"

"Refa anafunga kamba za viatu. Marefa wa siku zile walikuwa na kamba ndefu sana."

Jumamosi moja, Nelima alijifunga leso ya buluu shingoni. Akawa Ngurumo.

Rafiki yake Makokha, wa nyumba ya pili, akawa mpinzani. Nyasi za uani zikawa ulingo.

*Ngurumo, Ngurumo, ardhi yatikisika.*
*Nani atasimama? Wote wataanguka.*

Mikono ikazunguka. Mikono ikabana.

Makokha akapiga nyasi kwa kiganja. Pa, pa, pa.

Ananipigia makofi, Nelima akawaza. Akabana zaidi.

Pa, pa, pa.

Leo kafurahi kweli. Akabana zaidi.

Mara Makokha akalia. Hakikuwa kilio cha mchezo. Kilikuwa kilio chenyewe, chenye kamasi.

"Nimepiga chini na hukuacha," alisema Makokha. "Sichezi na wewe tena."

Akaenda kwao, ameshika mbavu.

Uso wa Nelima ukapata moto. Akatazama vidole vya miguu yake. Vidole navyo vikamtazama.

Akaikunja leso ya buluu. Akaisukuma chini ya kitanda, mbali kabisa, kule kwenye vumbi.

Jioni uji ukaja. Nelima hakuunywa.

"Leo sitaki Ngurumo," alisema.

"Ngurumo kakukosea nini?"

Nelima akasema yote, kwa sauti ndogo, ndani ya kikombe.

"Ngoja kwanza," alisema Babu. "Makokha alipiga chini?"

"Pa, pa, pa. Nilidhani ni makofi."

Babu akaweka kikombe chake mezani.

"Ile ni ishara, mjukuu wangu. Maana yake imetosha, niachie. Na Ngurumo aliachia papo hapo. Kila mara."

"Mbona hukuniambia?"

Babu akatazama vidole vya miguu yake.

"Nilikumbuka joho," alisema. "Nilikumbuka wimbo. Nikasahau kuachia."

Asubuhi wakaenda wote wawili kwa kina Makokha. Ni karibu tu. Siku hiyo palikuwa mbali.

Mlango ulifunguliwa na Nyanya Naliaka, nyanya yake Makokha.

"Karibuni. Mbona mmesimama kama watu walioitwa na chifu?"

Makokha alikuwa nyuma ya mlango. Jicho moja tu lilionekana.

Uso wa Nelima ukapata moto. Lakini safari hii hakutazama vidole. Alilitazama lile jicho.

"Makokha, nilikuumiza. Ulisema imetosha, na mimi nikabana. Nisamehe."

Jicho likapepesa. "Utabana tena?"

"Ukipiga chini, nitaachia."

"Na mimi nina kosa," alisema Babu. "Nilimfundisha kubana tu. Njoo, kijana, unibane mimi."

Babu akalala kwenye mkeka. Magoti yakalia, ko, ko. Makokha akatoka polepole, akamkumbatia kwa nguvu zake zote.

Nyanya Naliaka akawa refa. Akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Pa, pa, pa, akapiga Babu. Makokha akaachia.

"Umemfundisha vizuri," Babu alimwambia Nyanya Naliaka, akihema.

"Hata mimi nilikuwa ukumbini siku zile," alisema Nyanya Naliaka. "Ila mimi nilitazama hadi mwisho."

Makokha akamgeukia Nelima. "Sasa wewe. Lakini taratibu."

Mikono ikazunguka. Mikono ikabana, kidogo tu.

Pa, pa, pa.

Nelima akaachia haraka mno, akaanguka kinyumenyume. Puu.

Makokha akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu tena.

Usiku, leso ya buluu ilikuwa imefuliwa. Babu akamfunika nayo Nelima.

"Babu, Ngurumo aliwahi kuona haya?"

Babu akafikiri. "Joho lake lilikuwa refu. Labda lilikuwa la kujifichia."

Nelima akapiga miayo. Akaukumbatia mkono wa Babu, akalala.

Mikono ikazunguka. Mikono ikabana.

Babu naye alikuwa na usingizi. Akapiga godoro, polepole sana.

Pa. Pa. Pa.

Na Nelima, akiwa ndotoni, akaachia.