Siku Lango la Benki Lilipochelewa Kufungwa

Jumatatu. Saa tatu asubuhi kwa saa ya Qozhaya. Saa mbili kwa saa ya Munzir.

Chumba cha nyuma cha duka la mshonaji, mtaa wa Furn el-Chebbak. Magauni ya harusi yamening'inia pande zote. Katikati watu watatu, meza moja, bastola mbili. Moja ya kweli. Nyingine ya mjukuu.

Wiki ile Beirut ilikuwa na saa za aina mbili. Serikali ilisema saa, zinazosogezwa mbele saa moja kila mwaka, safari hii hazisogezwi mpaka Ramadhani iishe. Makanisa na nusu ya jiji wakasema nyie subirini, sisi tunasogeza. Wakasogeza. Munzir, jambazi wa kazi, msafishaji wa maduka matatu ya sonara, alikuwa amefunga Ramadhani kwa saa ya zamani. Qozhaya, karani aliyefukuzwa benki, alikuwa kwenye Kwaresima kwa saa mpya. Walichokubaliana ni njaa tu.

"Hatubebi hata senti," Qozhaya alisema. "Meneja anatuma dola elfu themanini na nne za Mama Rindala kwenda benki ya Limassol, ng'ambo ya bahari. Binti yake yuko kule dirishani, anasubiri."

"Halafu tunatoka mbio," alisema Munzir.

"Hatutoki! Wewe kichwa chako kigumu kama kokoto. Agizo haliendi hapo hapo. Linapanga foleni kwenye mashine. Saa sita mchana lango linafungwa, makao makuu wanajumlisha maagizo ya siku, wanayatuma kwa mkupuo. Kabla ya hapo meneja analifuta kwa kidole kimoja. Likishaondoka, hakuna wa kulirudisha."

"Na likichelewa lango?"

"Linalala mpaka kesho. Na wewe unalala kituoni. Asubuhi wanalifuta, wewe wanakuacha huko huko."

Nuhad, mwenye duka na mama yake Rindala, aliitia bastola ya mjukuu kwenye mkoba wa mikasi. Miaka thelathini ya kupinda mapindo ya magauni ya maharusi ilikuwa kwenye akaunti ile. Tangu benki zizuie pesa za wateja, walimpa dola mia nne kwa mwezi, na sura za kununa.

"Miaka mitatu nimeomba kwa adabu," alisema. "Twendeni."

Saa tano na nusu. Saa ya ukutani, tawi la Achrafieh.

Munzir aliingia kwanza, bastola juu. "Chini wote! Mikono kichwani! Bibi mwenye mkongojo, wewe kaa tu kwenye kiti, usiumize magoti."

Nuhad alishusha shata la chuma la mlangoni. Qozhaya alimkalisha meneja, Bwana Farjallah, mbele ya mashine yake.

"Qozhaya? Mwanangu, umefikia huku?"

"Ulinifikisha wewe, bosi. Andika: elfu themanini na nne za Mama Rindala, Limassol."

Farjallah aliandika. Akabonyeza namba kutoka kwenye kidude chake cha siri, kidogo kama kiberiti, kinachompa namba mpya kwa kila agizo. Agizo likaingia.

Mteja mmoja sakafuni aliinua kichwa. "Dada, na yangu tuma basi! Elfu kumi na moja tu!"

"Lala chini, mzee!" Munzir alifoka. "Hii siyo posta!"

Saa sita kamili, ukutani.

Ving'ora nje. Polisi walishajaa barabarani. Lakini lango limefungwa, pesa zimekwenda. Munzir alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu daku.

"Tayari. Mlango wa nyuma, gari, kwaheri."

Qozhaya alikuwa anatazama skrini. Agizo bado liko foleni. Pembeni, saa ya mashine: saa tano kamili.

Akageuka mweupe kama gauni la dukani.

"Mashine kuu iko makao makuu, Hamra," alisema taratibu. "Kule wanafuata saa ya serikali, siyo ya kanisa kama huku."

"Maana yake?"

"Imebaki saa nzima."

"Saa nzima!" Munzir alimshika kola. "Wewe karani wa kengele za kanisa! Ulipiga hesabu kwa saa ya mama yako?"

"Kwa saa ya ukutani! Miaka tisa nimefanya kazi hapa, ukuta na mashine havijawahi kugombana!"

Saa tano na dakika hamsini na mbili, sasa kwa saa ya mashine. Mlango wa nyuma nao una polisi. Munzir akalisogelea shata.

"Mama Rindala, mimi nilikubali nusu saa."

"Dakika nane, mwanangu. Nane tu."

"Mimi pesa yangu haimo humo."

Akainua shata kidogo, akasukuma bastola yake nje kwa mguu, akatambaa kuifuata. Nuhad alilishusha tena. Sauti ya Munzir ilisikika hadi ndani, wazi kabisa:

"Msinipige! Ya mama ni ya mchezo! Ya mjukuu wake! Ingieni tu!"

Msumeno ukaanza kukata chuma.

Farjallah aliusikia. Akachangamka. Mkono ukatoka mezani kwenda kwenye kile kidude cha namba. Bila namba hakuna kufuta. Nuhad alikuwa karibu zaidi. Alikinyakua, akakitumbukiza kwenye birika la kahawa la meneja, akalikoroga kwa mtutu wa bastola ya mjukuu.

"Kunywa," alisema.

Watu sakafuni wakacheka. Mmoja akapiga makofi.

Cheche. Tundu. Mkono wenye glavu. Dakika hamsini na tisa.

"Qozhaya, soma!"

"Foleni. Bado foleni. Foleni..."

Shata likaanguka ndani. Buti, kelele, vumbi. Qozhaya alilazwa kwa kofi moja. Nuhad alitupa bastola, akapiga magoti mwenyewe, macho kwenye skrini, pingu zikimbana.

Mstari ukageuka kijani. Limeondoka.

"Lirudisheni!" Farjallah alipiga meza. "Lirudisheni haraka!"

Hakuna aliyemwangalia. Nuhad alicheka hadi machozi, uso umejaa vumbi.

Sajini aliyemfunga pingu alikuwa mtu mzima, ndevu za mvi. Akamwinua taratibu, akamfuta vumbi begani. Alipomfikisha penye mlango uliokatwa, akamwinamia sikioni.

"Mama," alinong'ona, "akaunti yangu iko tawi hili hili. Kesho lango linafungwa kwa saa ipi?"