Vipande vya Kikwembe cha Mama Geneviève

Kaswera alivikuta vitambara vimekunjwa kabatini, visafi, vikavu, akasonya.

Jana yake alikuwa amepekua kasha zima la nguo za kitandani. Mashuka yaliyotoboka aliyafanya nepi za Aimée, mwanawe wa miezi mitano, na taulo zilizochakaa zikawa za kupigia deki. Kikwembe cha buluu kilichopauka alikikata vipande saba: kimoja cha kushikia sufuria, kimoja akakikunja chini ya mguu wa meza inayoyumba, vingine vya vumbi. Alivilaza kwenye beseni vikiwa vichafu. Sasa nani kavifua? Mumewe Liévin hajawahi kufua hata soksi yake.

Akavitumia tena kwa hasira. Kesho yake, ukiacha kile cha chini ya mguu wa meza, vyote vilikuwa vimerudi kabatini, kona juu ya kona, kama alivyokuwa akikunja Mama Geneviève, mama mkwe wake aliyefariki mwaka jana. Vilinuka mafuta ya mawese, yale aliyokuwa akijipaka magotini.

Kisha Aimée akaacha kunyonya. Kila Kaswera alipombeba mgongoni, mtoto aligeuza shingo akamchekea mtu nyuma yao, na nyuma yao hapakuwa na mtu, ila ile harufu tu, na nyayo za kuburuta, za mtu mwenye magoti mabovu, zikiwafuata kutoka jikoni hadi chumbani na kurudi jikoni, mchana kweupe, huku mwili wa mtoto ukizidi kupoa.

Mama Rebecca, mwanamke wa maombi, aliitwa. Aliomba, akauliza kikwembe kilikuwa cha nani. Kaswera akakiri. Siku ya kumaliza matanga, nguo za marehemu zilipogawanywa, kile kikwembe kilikuwa fungu la wifi yake Arlette, anayekaa Tchomia. Alikificha kwa sababu Arlette alisema mbele ya wageni kwamba mgonjwa hakutunzwa. Miaka tisa alikuwa amemwogesha yule mama, halafu aambiwe vile.

"Kusanya vipande yote, umupatie mwenyewe," Mama Rebecca alinong'ona. "Kama moja inabakia, naye anabakia. Iko anatafuta mutoto."

Arlette alifika kwa pikipiki. Wakakaa kuvishona vipande viwe kikwembe kimoja tena, bila kusemezana, mpaka Arlette akaanza tena habari za vidonda vya mgongoni vya mama yake. Kaswera alimtazama, akaitazama meza iliyojaa vyombo, akaona hawezi kuinyanyua kwa ajili ya kitambaa kilichokunjwa chini ya mguu wake, cha ukubwa wa kiganja. Alichotaka ni huyu mtu aondoke.

"Iko yote, Mama Aimée?"

"Iko yote, wifi."

Jioni hiyo Aimée alilia kwa njaa, akanyonya hadi akasinzia. Kaswera naye akalia, kwa raha.

Asubuhi aliweka chai mezani, ikamwagika. Meza iliyumba. Aliinama kutazama: chini ya mguu hapakuwa na kitu.

Akasonya kwa mazoea. Alimweka Aimée mgongoni, akazungusha kikwembe kipya, akaanza kufunga fundo kifuani. Halikukaza. Ndipo mikono miwili mikavu, inayonuka mawese, ikapita chini ya makwapa yake kutoka nyuma, ikalishika lile fundo, ikalikaza vizuri.

Mgongoni, Aimée akacheka.